Mashine ya vinasaba hupimwaje kabla ya kuaminiwa mahakamani

Mwaka 2007 maabara ya serikali ya jimbo la Queensland, Australia, ilianza kutumia roboti kutoa vinasaba kwenye sampuli za matukio ya jinai. Kazi iliyokuwa ikifanywa kwa mkono, sampuli moja baada ya nyingine, sasa ikawa inafanywa na mtambo kwa makumi ya sampuli kwa mkupuo. Majaribio yalifanyika, ripoti ikaandikwa, na utaratibu huo ukaendelea hadi 2016. Mwaka 2023 tume ya uchunguzi chini ya Dkt. Annabelle Bennett iliipitia upya kazi ile. Takwimu za ripoti ya maabara yenyewe zilionyesha kuwa roboti ilikuwa inapata vinasaba pungufu sana kuliko mkono, ilhali ripoti ilihitimisha kana kwamba njia hizo mbili zinalingana. Kesi kwa maelfu ikabidi ziangaliwe upya.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba takwimu zilikuwepo. Mashine ilipimwa, lakini ilipimwa na watu waliokwisha kuamua kuitumia. Kipimo cha kweli cha mashine ya vinasaba kinatafuta mahali inapoanza kushindwa, kisha kinaweka mpaka wa matumizi kabla ya kufika hapo. Cheti cha kiwandani hakiwezi kufanya kazi hiyo. Mtengenezaji huipima mashine katika maabara yake, kwa dawa mpya, umeme usiokatika na sampuli safi. Maabara inayoinunua inapaswa kuipima tena kwa mafundi wake, chumba chake na aina ya sampuli inazoletewa na polisi. Mwongozo wa mwaka 2016 wa SWGDAM, jopo la wataalamu wa mbinu za vinasaba, unaofuatwa na maabara za jinai za Marekani, unataka majaribio ya ndani yawe na sampuli zisizopungua 50, yakigusa sampuli zinazojulikana, usikivu wa mashine, uthabiti wa vipimo, michanganyiko ya watu zaidi ya mmoja, na uchafuzi. Hamsini ni kiwango cha chini kabisa. Maabara inayosoma sampuli za ubakaji kila wiki inahitaji nyingi zaidi kwenye michanganyiko peke yake.

Kwanza tujue mashine zenyewe ni zipi. Sampuli hupita vituo vinne. Kituo cha kwanza hutoa vinasaba kwenye damu, mate, mfupa au kitambaa. Cha pili hupima kiasi kilichopatikana. Cha tatu, mashine ya PCR, hurudufisha maeneo maalumu ya vinasaba mara milioni kadhaa. Cha nne hutenganisha nakala hizo kwa urefu ndani ya mirija myembamba iitwayo kapilari, leza huzipiga, kamera husoma mng'ao, na kompyuta huchora vilele. Kinachosomwa ni idadi ya marudio ya vipande vifupi katika kila eneo. Marekani ilianza na maeneo 13 kwenye kanzidata yake ya taifa, na tangu Januari 2017 yanatakiwa 20. Kwa kila eneo mtu ana idadi mbili za marudio, ziitwazo aleli, moja ya mama na moja ya baba. Kosa la kituo cha kwanza haliwezi kurekebishwa na kituo cha nne, hata mashine ya mwisho iwe ghali namna gani.

Roboti ya kutoa vinasaba hupimwa kwa mambo mawili: inapoteza kiasi gani, na inachanganya sampuli au la.

Kwa upotevu, chukua sampuli moja, igawe sawasawa, nusu itolewe kwa mkono na nusu kwa roboti, halafu linganisha kiasi. Rudia kwa damu nyingi, damu kidogo, na damu hafifu kabisa, maana roboti inaweza kufanya vizuri sana kwenye sampuli tajiri na kupoteza karibu kila kitu kwenye sampuli maskini. Hapo ndipo majaribio mengi hudanganya. Fundi huweka matone ya damu safi kwenye pamba nyeupe, matokeo yanapendeza, ripoti inafungwa. Weka damu hiyo hiyo kwenye kitambaa cha jinzi, kwenye ngozi ya kiatu, kwenye udongo. Rangi ya jinzi, tindikali za udongo na masalia ya damu yenyewe huzuia PCR, na mfupa huleta kalisi nyingi inayofanya vivyo hivyo. Roboti nyingi hutumia chembe za sumaku zinazonasa vinasaba. Chembe zisipokorogwa vizuri huganda chini ya kishimo na vinasaba hubaki humo. Ncha ya pipeti ikisimama juu kidogo ya sakafu ya kishimo, huacha kimiminika. Pombe ya kuoshea isipokauka hupita na vinasaba hadi kwenye PCR na kuikwamisha. Kila kosa kati ya haya hutoa jibu lile lile kwenye karatasi: vinasaba havikutosha. Anayesoma jibu hilo hawezi kujua kama havikuwepo au vilimwagwa.

Kwa uchafuzi, tumia sahani yenye vishimo 96. Weka sampuli yenye vinasaba vingi kwenye kishimo kimoja, maji safi kwenye kinachofuata, ukipokezana hivyo kama ubao wa drafti: sampuli 48 na vishimo vitupu 48. Endesha roboti kama siku ya kazi. Kisha vile vishimo vitupu vyote vipitishwe kwenye vituo vilivyobaki hadi mwisho, visiishie kwenye kipimo cha kiasi tu, maana uchafuzi wa chembe chache unaweza usionekane pale lakini ukatokea kama kilele baada ya PCR. Siku nyingine geuza mpangilio: palipokuwa na maji pawekwe sampuli. Kilele kimoja tu kwenye kishimo kitupu kinatosha kusimamisha roboti hadi chanzo kijulikane.

Wanaoona hili ni kujisumbua wakumbuke kijana wa Exeter, Uingereza, aliyekamatwa mwaka 2011 kwa kosa la kubaka huko Manchester, mji ambao hakuwa na habari nao. Alikaa mahabusu miezi kadhaa. Vinasaba vyake vilitoka kwenye mate yaliyopimwa kwa jambo lingine kabisa, na viliingia kwenye sampuli ya mwanamke aliyebakwa kwa sababu sahani ya plastiki ya kutumika mara moja ilitumika tena kwenye mtambo wa kutoa vinasaba. Mashine ilisoma sawasawa kile ilichowekewa. Kilichokosekana ni kizuizi cha kumzuia fundi kuirudisha sahani iliyokwisha kutumika.

Hata kifaa kipya huweza kuja na uchafu wake. Polisi wa Ujerumani, Austria na Ufaransa walimsaka kwa miaka mwanamke mmoja ambaye vinasaba vyake vilipatikana kwenye matukio zaidi ya 40, likiwemo la kuuawa kwa askari mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikabainika kuwa vilikuwa vya mfanyakazi wa mahali vijiti vya pamba vilikotengenezwa. Vijiti vilikuwa vimetakaswa, ila kutakasa huua vijidudu na kuacha vinasaba palepale. Kutokana na visa vya aina hiyo ukatoka mwaka 2016 mwongozo wa kimataifa ISO 18385 wa vifaa visivyo na vinasaba vya binadamu. Kwa hiyo kila shehena mpya ya vijiti, mirija na ncha za pipeti ichukuliwe vipande vichache, vipitishwe vituo vyote vinne bila sampuli, kabla ya shehena kuingizwa kazini.

Kipimo cha kiasi ni kifupi kueleza. Mashine huchorewa mstari kwa kutumia vinasaba ambavyo kiasi chake kinajulikana, kila hatua ikiwa pungufu mara kumi au pungufu ya hapo. Kama kila mzunguko unarudufisha mara mbili kamili, mteremko wa mstari huwa karibu na -3.3. Kati ya -3.1 na -3.6 hukubalika, na nukta zinatakiwa zikae kwenye mstari kwa uhusiano usiopungua 0.99. Mteremko ukiharibika, mara nyingi lawama ni ya pipeti au ya vinasaba vya rejea vilivyoyeyushwa na kugandishwa mara nyingi, na mashine haina kosa. Ndiyo maana pipeti nazo hufanyiwa ugezi, yaani kulinganishwa na kipimo sahihi, kwa kupima uzito wa maji: mikrolita 10 za maji ni takriban miligramu 10. Pipeti ya kupima mikrolita moja ndiyo inayokosea zaidi, na ndiyo inayotumika kila saa.

Kwenye mashine ya PCR kinachopimwa ni joto. Kipimajoto chembamba chenye cheti cha ugezi huingizwa kwenye vishimo vya katikati, vya kingo na vya pembe nne, mashine ikiwa kwenye nyuzi 95 na tena ikiwa kwenye joto la kuunganisha, ambalo kwa vifurushi vingi vya dawa za PCR huwa karibu na nyuzi 59 au 60. Kishimo cha pembeni kilicho baridi kuliko vingine hufanya maeneo fulani yapotee. Usiamini namba inayoonyeshwa kwenye kioo, maana hiyo ni joto la bamba na wala si la kimiminika kilicho ndani ya mrija.

Sasa tuje kwenye mashine ya kapilari, inayopendwa kuonyeshwa wageni. Tuchukue ya kapilari 8, maana ni ya kawaida katika maabara za jinai. Kila kishimo huwekewa mikrolita 1 ya zao la PCR pamoja na mikrolita 9 au 10 za formamaidi, dawa ya kuzuia nyuzi za vinasaba zisiungane tena, iliyochanganywa na rula ya vinasaba yenye urefu unaojulikana. Sahani hupashwa nyuzi 95 kwa dakika 3 na kupozwa ghafla kwenye barafu. Umeme wa kilovolti 1.2 hupitishwa kwa sekunde 15 ili vinasaba viingie kwenye kapilari, halafu volti huongezwa, navyo hukimbia ndani ya polima, uteute mzito unaojaza kapilari, yenye joto la nyuzi 60. Vifupi hufika mbele ya kamera kwanza.

Jaribio la kwanza hapa ni uthabiti wa urefu. Mchanganyiko wa aleli zote zinazojulikana husomwa mara kwa mara, kapilari zote, siku tofauti, na mafundi tofauti. Kwa kila aleli piga hesabu ya mkengeuko wa kawaida, yaani vipimo vinatawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani. Usizidi besi 0.15, besi ikiwa herufi moja ya vinasaba. Mara tatu yake ni 0.45, ambayo bado iko ndani ya nafasi ya nusu besi inayotumiwa na programu kuipa aleli jina. Uzito wa hesabu hii unaonekana kwenye eneo liitwalo TH01, ambapo aleli 9.3 na aleli 10 hutofautiana kwa besi moja tu. Mashine ikiyumba besi moja, mtu hubadilishwa kuwa mwingine.

Kinachoiyumbisha zaidi ni joto la chumba. Umbo la vinasaba na ulaini wa polima hubadilika na joto, na hewa inayozunguka mashine ina sehemu yake. Wakati wa kusoma, joto la chumba lisipande wala kushuka zaidi ya nyuzi 2. Katika miji ya joto kama Dar es Salaam au Mombasa jambo hili lina mtego wake: majaribio hufanywa mchana kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, halafu sahani za kesi huachwa zisomwe usiku kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Kama kazi itafanyika usiku, majaribio nayo yafanyike usiku. Umeme wa akiba nao ujaribiwe kwa kuchomoa waya wa ukutani mashine ikiwa katikati ya kusoma, kuona kama itamaliza.

Jaribio la pili ndilo gumu zaidi na ndilo lenye maana kubwa: kutafuta mpaka wa chini. Mashine yoyote hutoa kelele, yaani vichomozi vidogo hata pasipo na vinasaba. Soma vishimo vitupu kwa wingi, pima urefu wa kelele kwa kila rangi peke yake, chukua wastani, ongeza mkengeuko wa kawaida mara 10. Tuseme wastani ni 8 na mkengeuko ni 4: mpaka ni 48, utaandikwa 50. Ila usitumie vishimo vitupu peke yake. Vinasaba vyenyewe vikiwepo huinua kelele, hivyo soma pia sampuli za mtu anayejulikana, ondoa vilele vyake halali, upime kilichobaki. Rangi moja ikiwa na kelele zaidi, ipewe mpaka wake.

Halafu kuna mpaka wa pili, ambao wengi huuchanganya na huo wa kwanza. Chembe moja ya mwili ina takriban pikogramu 6.6 za vinasaba. Nanogramu 1 ni kama chembe 150, na hapo kila kitu husomeka. Chukua vinasaba vya mtu anayejulikana, uvipunguze nusu kwa nusu: nanogramu 1, 0.5, 0.25, 0.125, 0.0625, 0.031. Rudia kila kiwango mara kadhaa, siyo mara moja. Ukifika 0.031 una kiasi cha chembe tano. Kwa bahati tu, aleli ya mama inaweza kuingia kwenye mrija na ya baba ikabaki nje, au ikarudufishwa kwa kuchelewa. Kwenye karatasi mtu mwenye aleli mbili huonekana kuwa na moja, na mchambuzi asiyejua mpaka huu atamwondoa mhusika halisi au kumwingiza asiyehusika. Angalia mara zote ambapo kilele kimoja kilibaki peke yake ilhali mwenzake amepotea, uone kilichobaki kilifika urefu gani. Mpaka wa pili uwekwe juu ya hapo. Kilele kimoja kilicho chini yake kisitajwe kuwa mtu ana aleli moja ya aina hiyo.

Queensland ilionyesha pia upande mwingine wa jambo hili. Tume ya kwanza, ya mwaka 2022 chini ya Walter Sofronoff, ilibaini kuwa tangu 2018 sampuli zenye kati ya nanogramu 0.001 na 0.0088 kwa mikrolita ziliachwa bila kuendelezwa, na polisi wakaambiwa vinasaba havikutosha. Mikrolita 15 za sampuli ya 0.0088 zina nanogramu 0.13, sawa na chembe 20 hivi. Kiasi hicho ni kidogo, lakini mara nyingi husomeka, hasa sampuli ikipunguzwa maji kwanza. Mpaka uliowekwa juu mno huficha wahalifu kama ule uliowekwa chini mno unavyowabebesha watu makosa. Namba ya mpaka itoke kwenye majaribio ya usikivu wa maabara yenyewe, wala isitoke kwenye hesabu ya muda na gharama.

Upande wa juu nao una mpaka. Vinasaba vikizidi, kamera hufurika na rangi moja huvujia rangi nyingine, ikazaa kilele cha uongo mahali pale pale chini ya kilele halali. Ugezi wa rangi ukichakaa, uvujaji huo huanza mapema. Sampuli yenye nguvu sana isomwe kwanza, halafu kishimo kitupu kwa kapilari hiyo hiyo, kuona kama kuna masalia.

Kila kilele pia huzaa kivuli kifupi kwa rudio moja, kwa kawaida asilimia 5 hadi 15 ya urefu wa kilele chenyewe. Kwa mtu mmoja, kivuli hakisumbui. Kwa mchanganyiko wa watu wawili kwa uwiano wa 1 kwa 10, aleli za yule mdogo huweza kulingana kwa urefu na vivuli vya mkubwa. Kwa hiyo changanya vinasaba vya watu wanaojulikana kwa 1:1, 1:3, 1:10 na 1:20, uone ni wapi mdogo anapotea. Hata mashine zikiwa nzima, tafsiri inaweza kuanguka: taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilizipa maabara 108 michanganyiko ile ile katika zoezi la MIX13, na katika mmoja wao maabara 74 zilimwingiza mtu ambaye hakuwemo kabisa. Programu za uwezekano kama STRmix na TrueAllele zimekuja kusaidia, nazo zinahitaji kupimwa kwa michanganyiko ya kila idadi ya watu maabara inayotaka kutolea ushahidi. Programu iliyopimwa kwa watu watatu isitumike kwa watano.

Mashine ikishaanza kazi, dalili za ugonjwa hujulikana. Vilele vikishuka kapilari zote kwa pamoja, shuku formamaidi. Ikikaa muda mrefu au kufunguliwa mara nyingi huvunjika na kutoa ayoni, nazo hukimbilia kapilari kabla ya vinasaba. Chumvi za PCR hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana kuongeza zao la PCR kishimoni mara nyingi hakuongezi kilele. Mkondo wa umeme ukirukaruka, tafuta povu kwenye njia ya polima. Mchomo mkali unaotokea rangi zote mahali pamoja ni povu au chembe ngumu, na hutoweka sampuli ikisomwa tena. Kapilari moja ikidhoofika wakati saba ziko sawa, seti ya kapilari imechoka. Kiwanda huihesabia seti hiyo mara 160 za kusoma. Maabara nyingi huivusha hapo, na inaruhusiwa iwapo sampuli ya rejea bado inasomeka ndani ya mipaka na rekodi inaonyesha hivyo.

Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009, na usimamizi uko kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Wakili au hakimu, popote alipo, hahitaji kujua fizikia ya leza ili kuuliza vizuri. Aombe ripoti ya majaribio ya ndani pamoja na majedwali yake, kwa sababu muhtasari peke yake hautoshi. Aombe namba za mipaka miwili na jinsi zilivyopatikana, mafaili ghafi ya sahani nzima pamoja na vishimo vitupu, na daftari la matengenezo. Kwenye daftari atafute tarehe leza, kamera au pampu ilipobadilishwa, au mashine ilipohamishwa chumba, kisha atafute tarehe sampuli za rejea, kama zile za NIST namba 2391, ziliposomwa tena na kukubaliwa. Kama sahani ya kesi yake ilisomwa katikati ya tarehe hizo mbili, sampuli hiyo irudiwe kusomwa kutoka kwenye masalia yaliyohifadhiwa.